Nitrati 16 au nitrati 71? Hesabu ya maji ya samaki

Haya jamani, leo hakuna habari za seva wala hifadhidata. Wale mnaopita hapa kutafuta msimbo mnisamehe kidogo, au mbaki tu, kwa maana hii nayo ni hadithi ya vipimo, na vipimo ndiyo kazi yetu sote. Nataka kuwaeleza kuhusu tangi langu la samaki, lita 80, na kitu kinachoitwa nitrati ambacho kilinitoa kwa samaki kikanifikisha kwenye chupa ya mtoto wa jirani.

Tuanze na msingi, kwa ufupi. Samaki anakula, anatoa kinyesi, na pia anatoa amonia kupitia matamvua yake. Amonia ni sumu kwake. Bakteria wanaoishi kwenye sponji ya kichujio huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitriti hugeuzwa kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia kwa kiasi. (Kwa miaka mingi vitabu vilisema hizo ni kazi za makundi mawili ya bakteria, kila moja na zamu yake. Mwaka 2015 wanasayansi wakatangaza kwamba wapo bakteria wa jamii ya Nitrospira wanaofanya kazi yote peke yao, mwanzo hadi mwisho. Kila kampuni changa ya programu hapa Nairobi ina mtu wa namna hiyo, na kwa kawaida mshahara wake umechelewa.)

Shida ni kwamba safari inaishia hapo. Katika tangi la kawaida lenye hewa ya kutosha, nitrati haina pa kwenda. Inakaa na kujumlishwa, kama faili ya logi ambayo hakuna aliyeiwekea kikomo. Siku moja unaamka diski imejaa. Kwa samaki, diski kujaa maana yake ni mwani wa kijani kila mahali, samaki wachanga wasiokua vizuri, na wakubwa waliopooza. Wafugaji wengi hujitahidi kubaki chini ya miligramu 40 kwa lita, na wale wenye bidii chini ya 20.

Nitrati inatoka wapi hasa? Kwenye chakula. Hapa ndipo nilipofurahi, kwa maana inaweza kuhesabiwa kwenye karatasi. Chukua gramu moja ya chakula cha samaki chenye protini asilimia 40. Protini huwa na nitrojeni kama asilimia 16, kwa hivyo hapo kuna gramu 0.064 za nitrojeni. Ukiifanya yote kuwa nitrati unazidisha kwa 4.43 (molekuli ya nitrati ina uzito wa 62, na nitrojeni iliyo ndani yake ni 14 tu; gawanya utaona). Unapata gramu 0.28. Tangi langu likitolewa mawe na mchanga lina maji kama lita 70, kwa hivyo gramu moja ya chakula inaweza kuniongezea miligramu 4 kwa kila lita. Samaki hubaki na sehemu fulani mwilini, ndiyo wanakua. Mimi hulisha karibu gramu 3 kwa wiki, na kila nilipopima tangi lilikuwa likipanda kwa 10 hivi kwa wiki. Hesabu na kipimo vilikubaliana. Ikumbukeni hiyo 4.43, itarudi.

Dawa yake ni kubadilisha maji. Swali ni kiasi gani, na hapa watu hubishana kana kwamba ni siasa, ilhali jibu lina mstari mmoja. Ukiongeza p kila wiki, ukabadilisha sehemu f ya maji kila wiki, na maji mapya yenyewe yana nitrati T, basi baada ya wiki kadhaa kiwango cha juu kabisa kabla ya kubadilisha kitatulia kwenye:

T + p/f

Kwangu p ni 10. Nikibadilisha robo ya maji, 10 gawanya kwa 0.25 ni 40. Nikibadilisha nusu, ni 20. Hakuna haja ya chupa za dawa zinazouzwa bei ya mbuzi. Itazame tena hiyo fomula lakini. T imekaa peke yake pale kushoto, haiguswi na chochote. Hata ukibadilisha maji yote kila siku, huwezi kwenda chini ya T. Tangi haliwezi kuwa safi kuliko maji unayolimiminia.

Nilipokuwa nakaa Kileleshwa na mwenzangu niliyesoma naye Chiromo, T haikuwa jambo la kuwaza. Maji yalikuwa ya mfereji, ya kanjo kama tunavyosema hata baada ya kanjo yenyewe kubadilishwa jina mara kadhaa. Maji mengi ya Nairobi hutoka milima ya Nyandarua: bwawa la Ndakaini lililokamilika mwaka 1994 na linalobeba mita za ujazo milioni 70, Sasumua, na Ruiru, pamoja na chemchemi za Kikuyu ambazo zinatumika tangu enzi za mkoloni. Ni maji laini ya msituni. Nikiyapima nitrati rangi inabaki njano, yaani karibu na sufuri. Ukishaondoa klorini (yaache kwenye ndoo wazi siku nzima) samaki wanayapenda.

Kisha nikahamia Riruta. Kodi, ndugu zangu. Nilibeba samaki kwenye ndoo yenye kifuniko ndani ya matatu ya 46, na makanga akanidai nauli ya ndoo.

Ploti ya Riruta ina kisima. Tangu Januari 2017 kampuni ya maji ya jiji imekuwa ikigawa maji kwa ratiba, mtaa huu siku hizi, mtaa ule siku zile, na wenye nyumba wengi upande huu wa magharibi wamejitafutia njia. Wenye uwezo wamechimba visima virefu kwa mashine hadi kwenye miamba ya volkano, na hayo maji yana tatizo lake, floridi. Wengine wana visima vifupi vya kuchimbwa kwa jembe na kamba. Chetu ni cha aina hiyo. Pampu inapandisha maji hadi tangi jeusi la paani, na siku ambazo kanjo wanafungulia, maji yao yanaingia tangi lilo hilo. Mchanganyiko, kwa hivyo, na hakuna anayejua kwa uwiano gani.

Wiki ya nne huko, kipimo cha tangi la samaki kilikuwa chekundu cha kutisha. Nikabadilisha nusu ya maji badala ya robo. Wiki ya tano nyekundu. Wiki ya sita imeshuka kidogo, ya saba imepanda tena. Chakula ni kilekile, samaki ni walewale, fomula inasema 20. Mtu wa programu akiona hivyo anajua: hitilafu haiko kwenye kitanzi, iko kwenye data inayoingia. Nikapima maji ya bomba la jikoni. Yakawa mekundu pia.

Nyekundu ni ngapi, sasa? Hapa kuna ufundi kidogo, na mtu yeyote mwenye kifaa cha matone anaweza kuufuata. Vifaa hivi ni vya kulinganisha rangi na kadi. Njano ni sufuri, rangi ya chungwa ni 10 hadi 20, na kutoka 40 kwenda juu yote ni mekundu yanayofanana, hasa ukiwa na taa moja ya nyumba ya kupanga. Dawa ni kuzimua. Sehemu moja ya maji unayotaka kupima, sehemu nne za maji yasiyo na nitrati kabisa, pima, zidisha kwa 5. Na maji yasiyo na kitu yanapatikana kila kituo cha petroli: maji ya betri. (Maji, si asidi! Soma chupa, harufu isikudanganye.) Pima kwanza maji ya betri peke yake, yakitoa rangi yoyote isipokuwa njano, yaache. Na ile chupa ya pili ya dawa itikise nusu dakika kwa nguvu kabla ya kudondosha matone, kwa sababu unga wake hutuama chini na bila huo kipimo kinasoma chini kuliko ukweli.

Nikachota kisimani moja kwa moja, mara tatu kwa siku tatu tofauti. Baada ya kuzimua rangi ilikaa kati ya 10 na 20 kila mara. Tuseme 15. Mara 5 ni 75.

Shirika la Afya Duniani limeweka mwongozo wa nitrati katika maji ya kunywa kuwa miligramu 50 kwa lita. Hiyo 50 haikuwekwa kwa ajili yangu wala samaki. Iliwekwa kwa ajili ya watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa kwa chupa. Mwaka 1945 daktari wa Marekani aitwaye Hunter Comly aliandika kuhusu watoto wa mashambani Iowa waliogeuka rangi ya buluu, na chanzo kikawa maji ya visima yaliyotumika kukoroga maziwa yao. Nitrati tumboni hugeuka nitriti, nitriti ikiingia kwenye damu inaharibu hemoglobini isiweze kubeba oksijeni. Mtu mzima mwili wake unarekebisha. Mtoto wa chini ya miezi sita bado hana uwezo huo wa kutosha. Kwa mtoto mweusi usitafute buluu kwenye ngozi, angalia midomo, fizi na kucha.

Mlango wa pili kutoka kwangu anakaa mama mwenye mtoto wa miezi minne.

Sheria ya ajira ya mwaka 2007 inampa mama likizo ya miezi mitatu. Jirani yangu anauza nguo katika duka la katikati ya jiji, miezi mitatu ilikwisha akarudi kazini, mtoto akabaki na msichana wa kazi na mkebe wa maziwa. Niliujua mkebe huo kwa sababu nimewahi kutumwa kuununua. Nilikaa na namba yangu ya 75 jioni nzima nikijiuliza nitamwambiaje mtu kwamba maji anayompa mwanawe yana shida, na ushahidi wangu ni kifaa cha samaki.

Nilipiga hodi. Nikamwambia, "Mama, samahani, haya maji ya kisima unamkorogea mtoto maziwa?"

"Injinia, hayo maji nachemsha. Tena nachemsha sana, dakika ishirini. Siwezi kumpa mtoto maji mabichi."

Hapo ndipo penye kigingi, wasomaji wangu. Sisi sote tumelelewa na kanuni moja: chemsha maji. Na ni kanuni nzuri, inaua vijidudu vya kipindupindu na taifodi. Lakini nitrati si kijidudu. Ni chumvi, imeyeyuka. Ukichemsha, maji yanapaa kama mvuke na nitrati inabaki sufuriani. Chemsha lita mbili hadi ibaki moja na umezidisha kiwango mara mbili. Klorini ya kutia kwenye mtungi haiigusi. Chujio la kitambaa wala la mkaa wa kawaida haliigusi. Mama mwenye bidii zaidi, anayechemsha muda mrefu zaidi, ndiye anayempa mtoto nitrati nyingi zaidi. Sijawahi kuona mfumo unaomwadhibu mtu kwa kufuata maagizo namna hiyo.

Hakupiga kelele. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Na ile karatasi?"

Karatasi ipo, imefungwa kwa plastiki na kubandikwa kando ya mita za umeme. Mwenye nyumba alipeleka maji maabara, na kwa hilo nampa heshima, wengi hawapeleki. Siku iliyofuata tukaenda naye mwenye nyumba kuisoma. Akaweka kidole: nitrati 16, mwongozo 50. "Umeona kijana? Kumi na sita. Hata nusu haijafika."

Na kweli imeandikwa 16. Lakini mbele yake, kwa herufi ndogo, pana alama ya N. Maana yake wamepima nitrojeni iliyo ndani ya nitrati, si nitrati yenyewe. Ni njia halali kabisa, maabara nyingi duniani huandika hivyo. Ila ukitumia kipimo hicho, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani si 50, ni 11. Na ukitaka kulinganisha na 50 unazidisha kwa nani? Kwa 4.43. Kumi na sita mara 4.43 ni 71. Kifaa changu cha samaki kilisema 75. Kwa kifaa cha matone na macho ya mtu aliyeshinda kwenye skrini, huko ni kukubaliana.

Mwaka 1999 Marekani walipoteza chombo kizima cha kuchunguza sayari ya Mars kwa sababu programu moja ilitoa namba kwa vipimo vya Kiingereza na nyingine ikazipokea kana kwamba ni vya metriki. Kila darasa la kompyuta husimuliwa kisa hicho na kila darasa hucheka. Hapa Riruta namba ilikuwa sahihi, maabara ilikuwa sahihi, mwongozo ulikuwa sahihi, na mtu aliyezilinganisha hakuwa na nia mbaya. Ni vizio tu ndivyo havikuoana, na katikati yake amelala mtoto.

Nitrati yenyewe kisimani inatoka wapi? Kutoka mlango wa kisima hadi vyoo vya shimo vya ploti ya nyuma nimehesabu hatua 22. Mkojo na kinyesi ni nitrojeni, bakteria wa udongoni hufanya kazi ileile ya bakteria wa sponji yangu, na nitrati husafiri na maji kwenda chini bila kushikwa na udongo. Watafiti waliochunguza visima vya Kisumu, makala yao ilitoka mwaka 2013, waliona kwamba palipo na vyoo vingi vya shimo karibu na kisima, nitrati huwa juu. Yaani ploti yetu ni tangi la samaki, sisi ndio samaki, na hakuna anayebadilisha maji.

Mwenye nyumba alisema amekunywa maji ya kisima hicho miaka mingi na yuko sawa. Nami nikamwambia ni kweli, mzee, wewe uko sawa, nami niko sawa, hatuzungumzii wewe na mimi. Nikamwandikia hesabu kwa kalamu juu ya ile plastiki. Alinyamaza kwa muda kisha akasema jambo la maana kuliko yote niliyokuwa nimesema: bomba la chini, lile la getini lenye kufuli, limeungwa na laini ya kanjo kabla maji hayajapanda paani. Alilifunga kwa sababu watu wa nje walikuwa wakija kuchota usiku. Kufuli tu, basi. Nikapima maji ya bomba hilo usiku ambao kanjo walifungulia. Njano.

Sasa msimamizi wa ploti analifungua saa mbili hadi saa nne usiku, siku zetu mbili za maji kwa wiki. Jirani anajaza mitungi miwili ya lita 20 yenye alama ya utepe mwekundu, na hiyo ni ya mtoto peke yake, anayachemsha kama kawaida (vijidudu bado vipo, usiache kuchemsha!) ila yakishachemka anazima. Kisima kinafua, kinadeki, kinaogesha. Mtoto alipelekwa kliniki, muuguzi akamwangalia midomo na kucha akasema hana dalili yoyote, na akamhimiza mama akamue maziwa yake asubuhi kabla ya kwenda kazini, kwa sababu maziwa ya mama hayana shida hii hata mama akinywa maji ya kisima. Anakamua. Mkebe sasa unachukua muda mrefu kuisha.

Kwa samaki nimefanya vivyo hivyo, maji yao ni ya getini. Nimeongeza pia vipande vya pothosi, ule mmea wa kutambaa unaokaa kwenye kila mapokezi ya ofisi mjini. Nilikata vitatu ofisini kwetu kwa ruhusa. Mizizi inaning'inia majini, majani yako nje kwenye hewa, na unakunywa nitrati kwa fujo. Kuna rafiki aliyeniambia nitumie gugumaji kwa kuwa linakua haraka zaidi. Linakua haraka kweli, mwulize yeyote aliyeliona Bwawa la Nairobi kule Lang'ata likigeuka uwanja wa kijani. Sitalileta nyumbani kwangu.

Jumapili iliyopita nilipima kabla ya kubadilisha maji: rangi ya chungwa, kati ya 10 na 20. Fomula ilisema 20, pothosi imekula iliyobaki. Jana wapangaji wawili wa orofa ya juu wamegonga mlango wangu, kila mmoja na maji yake kwenye chupa ya soda. Mmoja ana mjamzito ndani. Matone yamebaki kama ya vipimo 15, kwa hivyo kesho nikitoka kazini napitia mjini kununua mengine.